Mlezi Asiyepiga Kura

Mwezi uliopita nilipita nyuma ya duka la pembejeo hapa Mwanza, nikakuta mwenye duka amemwaga ndoo aliyooshea chupa iliyovuja ya dawa ya kupe. Harufu ile ikanishika puani, nikasimama pale pale. Mke wangu alitembea hatua nyingi kabla ya kugundua kwamba anaongea peke yake. Aliporudi kuniuliza kulikoni, nikamwambia nimesikia harufu ya Jumamosi. Alinitazama kama mtu anayefikiria kunipeleka hospitali, na simlaumu. Yeye amekulia Bukoba, utoto wake unanukia senene wa kukaanga.

Wangu unanukia josho. Mliokulia Tarime vijijini, kule kwetu Susuni na vijiji vya jirani, mtanielewa bila maelezo mengi: handaki refu la saruji lililojaa maji ya kijivu, ng'ombe wanasukumwa kwa fimbo waingie upande huu, wanaogelea macho yamewatoka, wanaibukia upande wa pili wakichuruzika na kununa. Harufu ile ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni moja. Mama alikuwa akinivua shati mlangoni kila Jumamosi jioni, huku akisema kwamba alizaa mtoto, hakuzaa ndama. Sababu ya mimi kunukia hivyo ni kwamba kundi letu la skauti lilikutana katika darasa la mwisho la shule ya msingi, lililopakana na josho, na mlezi wetu ndiye aliyekuwa bwana mifugo.

Jina lake Mbwambo, Mpare wa Same. Serikali ilimleta kwetu kutibu ng'ombe. Uskauti hakuna aliyemtuma. Alimwendea tu mwalimu mkuu akamwambia kwamba Jumamosi zake hazina kazi baada ya saa nne asubuhi, na kama kuna chumba na watoto, yeye atakuja. Wazee wetu walishangaa. Kwa hesabu zao, mwanamume mwenye akili timamu Jumamosi anakwenda mnadani. Huyu alikuwa anakaa na watoto wa watu kuwafundisha kufunga kamba, na hakuna aliyempa hata jogoo.

Mafundo alitufundishia kwa ndama hai. Ukifunga vibaya, ndama anachomoka, na kundi zima linamfukuza mpaka kwenye shamba la mihogo la mwalimu mkuu. Siku hizi nikiona watoto wanafundishwa mafundo kwenye picha, nawaonea huruma. Nani atasahau fundo ambalo lilimgharimu kukimbizana na ndama juani?

Lakini jambo lililotutatiza kwake halikuwa hilo. Lilikuwa namna alivyokuwa hatuongozi. Kundi lilikuwa na vikosi vinne, Tembo, Chui, Swala na Nyati, na kila kikosi kilichagua kiongozi wake. Viongozi hao wanne, pamoja na kiongozi mkuu wa kundi, ndio waliokuwa baraza, na baraza ndilo lililoamua kila kitu: tutembee wapi, tupike nini, nani amechelewa na afanywe nini. Mlezi alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati la wadogo, magoti yakiwa karibu na kidevu. Ukigeuka kumuuliza, anakurudishia: "Baraza linasemaje?" Siku tuliyopanga kambi ya siku mbili, Chui walisahau unga nyumbani. Alikuwa ameona mizigo yao ikifungwa, na alijua. Mchana ule Chui walikula mchicha mtupu, na mlezi akakaa nao akala mchicha mtupu, akausifia chumvi.

Sasa mtoto wa Kikurya anaelewaje mtu mzima wa namna hiyo? Kwetu mkubwa anasema, mdogo anafanya, na mambo yanakwenda. Nilikuwa na maelezo yangu, nami niliyaamini kabisa: niliamini kwamba Bwana Mbwambo anatuogopa. Niliona ametoka mbali, hana ndugu, hana ng'ombe hata mmoja wa kwake, basi amejifunza kunyamaza ili asifukuzwe. Nilimwonea huruma kidogo na kumdharau kidogo, kama watoto wanavyoweza kufanya yote mawili kwa mpigo. Mwenyewe nina mwaka wa tatu sasa nikiwa mlezi wa kundi dogo hapa mjini, kwa kujitolea vilevile, na nakwambia sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza.

Nilipokuwa darasa la sita nilichaguliwa kuwa kiongozi mkuu. Niliona dunia yote imekaa sawa. Nilitembea hata kwenda kisimani kama mtu anayekagua gwaride. Aliyenipigia kampeni kuliko wote alikuwa Marwa, kiongozi wa Nyati, rafiki yangu aliyenizidi miaka miwili na kimo cha kichwa kizima. Hakutaka cheo kile mwenyewe. Alisema kinahitaji mtu mwenye mdomo.

Kisha ikaja Desemba, na Desemba ile ilikuwa ya msimu wa kutahiriwa. Kijiji kizima kikageuka ngoma na filimbi. Marwa aliingia na rika lake, na wavulana wengine saba wa kundi letu. Mimi sikuingia. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na alikuwa na mawazo yake kuhusu lini na wapi. Akasema bado, basi ikawa bado. Nilikaa nyumbani nikisikia nyimbo zinapita barabarani, na sijawahi kujiona mdogo kama siku zile.

Shule zilipofunguliwa, Jumamosi ya kwanza walirudi kundini, wamejitanda shuka, ngozi inang'aa mafuta, wanatembea polepole kama watu waliokunywa busara. Nikasimama mbele kama kawaida yangu, nikaamrisha: "Kundi, mstari!" Wadogo wakapanga. Wasichana wakapanga. Wale wanane wakabaki wamesimama ukutani.

Marwa hakupaza sauti. Alinisogelea na kuniambia karibu na sikio, kwa heshima kabisa:

"Chacha, sina ugomvi na wewe. Lakini sasa siwezi kuamrishwa na omorisia. Nikikubali, rika langu litanicheka mpaka nizeeke."

Omorisia ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na kwetu huyo ni mtoto hata kama ameanza kuota ndevu. Hakunitukana. Alisema jambo ambalo kila mtu mle darasani alilijua, na hilo ndilo lililouma. Nikageuka kumtazama mlezi. Alikuwa kwenye dawati lake dogo, ananitazama.

"Baraza litakaa lini?" aliuliza.

Siku hiyo hatukufanya kitu. Watu walipotawanyika nilimfuata joshoni, alikokuwa akipima kina cha dawa kwa mti mrefu wenye alama. Machozi yalikuwa karibu, kwa hiyo nilizungumza kwa hasira.

"Mlezi, waamrishe. Wewe ni mtu mzima, watakusikia."

"Watanisikia," alisema. "Leo watakutii kwa sababu yangu. Na siku nisipokuwepo?"

"Basi wewe ni mlezi wa nini?"

Alisimamisha ule mti majini akafikiri. "Hilo hata mimi huwa najiuliza," alisema. "Lakini kura sina, Chacha. Iteni baraza, mzungumze. Nitakaa na ninyi mpaka jioni mkitaka."

Nilitaka aseme neno moja tu, naye alikuwa ananiahidi kukaa. Niliondoka bila kuaga. Njiani niliamua kwamba mtu anayeogopa watoto anastahili kuogopeshwa na wakubwa, aone ilivyo. Hayo ndiyo niliyowaza, na sitayapamba.

Nyumbani nilimkuta babu, baba wa baba yangu, anakula ugali wake wa mtama na maziwa mgando. Babu alikuwa mmoja wa wazee wa ritongo, ule mkutano wa wazee wa mila ambao kwetu neno lake lina uzito kuliko barua yenye muhuri. Nikakaa karibu naye, nikasema kama mtu anayepiga soga tu:

"Babu, bwana mifugo anasema aliyetahiriwa na asiyetahiriwa ni sawasawa. Anasema mila yenu ni ya kizamani."

Hakuwahi kusema hivyo. Hakuwahi kusema lolote, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake kwangu.

Babu alimaliza tonge, akanawa. "Alisema mbele ya nani?"

"Mbele ya skauti wote."

"Sawa," akasema, akaniomba nimletee fimbo yake.

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Wiki haikuisha, mlezi akaitwa na ritongo. Kwetu kila mtoto anajua maana yake. Ritongo likikutenga, hakuna anayekusalimia, huombi moto kwa jirani, na mwenye ng'ombe mgonjwa ni afadhali afiwe naye kuliko kukuita. Kwa bwana mifugo, hiyo ingekuwa kumwambia afungashe. Na wazee walikuwa wanauliza pia kama kundi la skauti lina sababu ya kuendelea kuwepo.

Jumamosi iliyofuata wale wanane hawakuja. Mlezi, kwa mara ya kwanza, aliomba ruhusa ya kusema barazani. Bhoke, kiongozi wa Swala na mwandishi wetu, msichana mwenye mwandiko mzuri na asiyecheka ovyo, akamruhusu.

"Nimeitwa Jumanne," alisema. "Nimeambiwa nimesema jambo ambalo sikumbuki kulisema. Hilo nitalijibu mwenyewe. Lakini wazee wanauliza pia kuhusu kundi, na kundi si langu. Mtajibu ninyi. Amueni nani aende."

Hakumtazama mtu. Baraza likanigeukia mimi, kiongozi mkuu, mwenye mdomo. Bhoke ndiye aliyesema lililokuwa wazi: kwenye ritongo omorisia hafungui kinywa, na msichana ndiyo kabisa. Katika kundi lote, wa kwenda alikuwa Marwa, na wa kumwomba nilikuwa mimi.

Nilimkuta mtoni, ananywesha ng'ombe wa kwao. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, lakini nilipomwona tu yakatoka mengine.

"Ni mimi niliyemsingizia mlezi," nilimwambia. "Nilimwambia babu uongo."

Marwa alimchapa ndama aliyekuwa anataka kuvuka, kisha akakaa juu ya jiwe. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hakukuamrisha."

"Kwa hiyo ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu yangu. Wewe ulisema ukweli."

Alitazama ng'ombe wakinywa mpaka wakatosheka. Nilifikiri atanipiga, na ningekubali. "Wewe una ulimi, mura," alisema mwishoni, na kuniita mura, yaani kijana mwanamume, neno ambalo tangu Desemba lilikuwa la wenzake, nusura linitoe machozi. "Nikienda, niseme nini?"

Nilimwambia aseme tunavyokaa, tunavyochagua, nani anaamua. Aseme ukweli tu. Hata lile langu, akitaka.

"Lile lako si kazi yangu," alisema. "Utalisema mwenyewe, pale unaporuhusiwa kusema."

Jumanne asubuhi wazee walikaa kwenye uwanja wa kando ya josho, kila mmoja kwenye kigoda alichokuja nacho. Sisi wadogo tulisimama mbali, nyuma ya uzio wa kuingizia ng'ombe, tukichungulia katikati ya mbao. Bwana Mbwambo alisimama mbele yao, shati limepigwa pasi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba." Mzee aliyeongoza mkutano alikuwa na sauti ya taratibu. "Bwana mifugo, umetutibia ng'ombe vizuri. Lakini tunasikia unawafundisha watoto wetu kwamba mila yetu ni takataka."

"Sikusema hivyo, wazee wangu. Wala siamini hivyo."

"Kwa hiyo aliyetuletea habari ni mwongo?"

Babu alikuwa amekaa wa tatu kutoka kulia. Nilishika mbao mpaka vidole vikauma. Mlezi aliinamisha kichwa.

"Mimi najibu la kwangu tu, mzee. Sikusema."

Kulikuwa na minong'ono, na haikuwa mizuri. Mtu anayekana bila kumtaja anayemsingizia, wakati mwingine anafanana na mwenye hatia. Ndipo Marwa alipojitokeza, shuka begani, akaomba nafasi. Walimpa, maana alikuwa mtoto wao wa msimu ule.

"Wazee, nimetumwa na kiongozi wangu nije niseme habari za kundi letu."

"Kiongozi wako ni huyu?" Mzee alimwonyesha bwana mifugo.

"Hapana. Huyu hana hata kura kwetu. Kiongozi wangu ni Chacha, mtoto wa mwinjilisti."

Watu walicheka. Kwenye safu ya nyuma, ambako rika la Marwa lilikuwa limesimama, nilisikia wakicheka zaidi ya wazee. Kicheko ndicho hasa alichokuwa amekikimbia tangu ile Jumamosi ya kwanza. Alisubiri kikaisha.

"Yule omorisia?" aliuliza mzee mmoja, akitaka kuhakikisha.

"Huyo huyo. Tulimchagua sisi wenyewe. Na anaijua mila, ndiyo maana yuko pale nyuma ya uzio na amenituma mimi. Angekuwa amefundishwa kuidharau, angekuja kusema mwenyewe. Bwana mifugo anakaa nyuma. Tunapanga sisi, tukikosea tunalala njaa, naye analala njaa. Hajawahi kutuambia mila ni mbaya wala nzuri. Mimi nilikataa kupanga mstari, naye hakunigombeza. Angetaka kutuharibu, ile ndiyo ilikuwa siku yake."

Mzee kiongozi akamgeukia jirani yake wakasemezana Kikurya kwa sauti ya chini. Babu aliomba neno. Nilifumba macho.

"Habari hii niliileta mimi," babu alisema. "Niliisikia kwa mtoto. Naona sasa mtoto alisema kilichokuwa tumboni mwake, si alichosikia. Naifuta."

Hakunitaja, wala hakugeuka upande wa uzio. Wakakubaliana kwamba maneno yamekwisha, na bwana mifugo arudi kwenye kazi zake zote mbili. Mzee mmoja alimwomba kabla hajaondoka amtazamie ng'ombe anayechechemea.

Nilimfuata mlezi akiwa njiani na yule ng'ombe, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa kwenye mgongo wa ng'ombe. Nilitaka anigombeze, au anisamehe. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Lakini ulimsingizia mtu ukiwa kiongozi wa kundi. Hilo ni la baraza."

"Si nimeshakuambia wewe?"

"Mimi sipigi kura."

Basi Jumamosi nikasimama barazani nikasema, neno kwa neno, mpaka lile la mila ya kizamani. Bhoke aliandika yote, kisha akauliza nani anaona Chacha aachie uongozi. Kiongozi wa Tembo akanyoosha mkono. Wa Chui akanyoosha. Bhoke mwenyewe akaweka kalamu chini akanyoosha, macho yamejaa maji. Marwa peke yake alibaki mikono imekunjwa kifuani. Yule aliyekataa kuongozwa nami ndiye pekee aliyetaka niendelee kumwongoza.

Nikamgeukia mlezi. Nakiri kwamba hata wakati ule niliamini atasema kitu, kwa sababu yeye ndiye niliyemkosea, na neno lake moja lingetosha. Alifungua kinywa. Niliona. Akakifunga, akashika ukingo wa lile dawati dogo kwa mikono yote miwili, na mishipa ya shingo ikamsimama kama mtu anayemzuia fahali kwa kamba. Alitazama sakafu mpaka Bhoke alipomaliza kuandika matokeo. Ndipo nilipojua kwamba mtu huyu hajawahi kutuogopa hata siku moja, na kwamba kila Jumamosi alikuwa anafanya kazi ambayo mimi niliiona ni uvivu.

Walimchagua Bhoke. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikiwa skauti wa kawaida wa Tembo, wa mwisho kwenye mstari, baada ya mtoto wa darasa la nne. Bhoke aliamrisha, na Marwa na wenzake saba wakapanga. Mlezi alipita kutukagua, kazi pekee ambayo baraza lilimruhusu. Alipofika kwangu alisimama. Aliinama akanirekebishia skafu shingoni, akaivuta kushoto, akaivuta kulia, akailaza vizuri begani, na ilikuwa haina kasoro yoyote.